Karani wa Wapangaji wa Kasenga

Nianze na ujinga wangu, maana muntu yeyote wa Kasenga akisikia nimeandika habari za Karani atauliza kwanza: na ile ya muhogo, umeiandika?

Nimeiandika, hii hapa. Nilichukua muhogo mbichi, nikaukata kichwa ukabaki duara safi, nikachonga nyota katikati kwa kisu kidogo, nikauchovya kwenye wino wa zambarau wa shule, nikapiga kashe, muhuri kabisa, juu ya karatasi niliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa: “Kwa amri ya serikali. Nyumba hii imechukuliwa. Itakuwa choo cha jeshi.” Kashe ilitoka vizuri kuliko ile ya kweli ya biroo ya serikali. Asubuhi na mapema nikaibandika kwa ugali kwenye mlango wa mwenye parsele yetu, kiwanja chenye vyumba tulivyopanga, aliyekaa ng’ambo ya njia, kisha nikakaa nyuma ya ua kungoja.

Mwenye parsele tulimwita Bwana Mabati, sababu itakuja. Alitoka na mswaki mdomoni. Akasoma. Akasoma tena, mswaki ukaanguka. Kabla jua halijafika kwenye paa alikuwa amefunga redio na godoro juu ya baiskeli, mke wake nyuma kwa miguu, wanakimbilia kwa shemeji zake kule bondeni, njia ya Kamanyola. Ile karatasi aliikunja akaiweka mfukoni. Hapo ningepaswa kuogopa. Minye, mimi mwenyewe, nilikuwa nashika ukuta kwa kicheko.

Nilicheka siku tatu. Siku ya nne waasi waliingia Uvira, mji wetu, na tangu hapo sijacheka vizuri.

Kwa nini nilifanya vile? Kwa sababu afisa mmoja wa jeshi la serikali alikuwa anatafuta chumba, na Bwana Mabati alimwambia mama yangu atoke chetu kabla ya Jumapili. Baba alikuwa amefuata kazi za meli kusini na barua zake zilikuwa zimekatika. Tulikuwa mimi, Mama na vyombo vyetu. Karani alisema tusitoke, kuna njia, tutaanza na mkubwa wa mtaa siku ya Jumatano. Minye nikaona njia yake ni ndefu, wino wangu uko karibu.

Karani alikuwa mwoga. Sisemi hivyo kumtukana, hata yeye mwenyewe asingekataa. Aliogopa bata mzinga wa misioni kiasi cha kuzunguka njia nzima kwenda misa. Radi ikipiga, alifunika kioo chake cha kunyolea kwa shati, akapanda kitandani na kuinua miguu. Ziwani hakwenda kabisa kwa ajili ya viboko, ingawa sijawahi kusikia kiboko aliyepanda mpaka Kasenga kutafuta karani. Nami, Mungu anisamehe, nilijua kupiga mluzi sawasawa na filimbi ya polisi. Nilikuwa nangoja apake sabuni usoni, ninapiga, naye anainua mikono yote miwili, wembe ukiwa mkononi.

Siku moja nilimwuliza, “Mzee Karani, unaogopa nini na haujaiba kitu?”

“Ndiyo sababu,” akasema, akifuta povu. “Mwizi anajua wamekuja kwa ajili gani. Minye sijui.”

Zamani za Wabelgiji alikuwa mwandishi katika tribinali ya sité, mahakama ya mitaa ya Waafrika. Hiyo kazi iliisha kabla sijamjua, jina likabaki. Hakuna aliyemwita kwa jina lingine; hata mama yangu, aliyekaa naye ua mmoja miaka sita, alisema Karani tu. Alikuwa amepanga chumba kilichotazamana na chetu, chumba kibovu kuliko vyote sita. Kilivuja pembe mbili, na mlango wake haukuwa na komeo, aliuzuia kwa jiwe. Watu walikuja kwake kutoka mitaa yote kuuliza haki ya mpangaji, yeye akiwajibu huku bakuli likidondokewa na maji nyuma yake. Tong. Tong.

“Kwa nini haujiandikii barua weye mwenyewe?” Mama alimwuliza.

“Nikijiandikia, Mama, nitaogopa kuipeleka.”

Za wengine alizipeleka. Hapo ndipo sikumwelewa hata kidogo. Mtu anayekimbia bata, unamwona anasimama mbele ya mwenye parsele mwenye shingo kama ya fahali, magoti yake yanagongana wazi wazi kila mtu anaona, na mdomo unaendelea kusema. Magoti yalisema jambo moja, mdomo jingine. Nilikuwa namwigiza shuleni, kalasi nzima inalala chini. Nilikuwa naigiza magoti tu. Mdomo sikuweza.

Kazi yake ilikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja. Lokatere mpya, yaani mpangaji, hakuruhusiwa kutua hata sufuria kabla Karani hajawaita majirani wawili, wa kulia na wa kushoto. Walizunguka chumba pamoja. Karani alihesabu kwa sauti: mlango mmoja, dirisha moja, bati saba, tundu la panya moja. Tundu la panya lazima liandikwe, ili kesho usiambiwe umelitoboa weye. Kisha mpangaji, mwenye parsele na wale majirani wawili walitia vidole kwenye karatasi. Sisi majirani wetu walikuwa Mama Ndagala, anayeuza samaki wadogo waliokaushwa na ana sauti ya kuita mtumbwi, na Fundi Baiskeli, ambaye hasemi mpaka Pasaka. Walikuwa wameshatia vidole karatasi nyingi hata Mama Ndagala akadai gumba lake limekonda.

Mtu akija na shida, Karani alimwuliza swali lilelile: “Umeshaongea na majirani wako?” Akisema hapana, alimrudisha. Kwanza majirani. Halafu mkubwa wa mtaa, na majirani wakiwepo. Akishindwa, tribinali, na majirani wakiwepo vilevile. Mwenye parsele anaweza kukuambia uhame, ndiyo, nyumba iko yake, lakini lazima akuambie mapema upate pa kwenda, na hana ruhusa ya kukutoa kwa mikono yake, wala kutupa vitu vyako njiani, wala kung’oa kitu ili uhame kwa uchungu. Anayetoa muntu ni jaji. Aliwakaririsha wanawake wa sokoni maneno hayo kama katekisimu.

“Na tribinali ikifungwa?” nilimchokoza siku moja.

“Unarudi kwa majirani.”

“Na majirani wakiogopa?”

“Kwani minye ninafanyaje?” akasema.

Uhuru ulipokuja, kilikuja kwanza kichekesho. Asubuhi ile watu walijaa uani kwetu wakiwa wamevaa nguo za sikukuu. Walitaka Karani awathibitishie kwamba kwa kuwa Wabelgiji wanaondoka, vyumba walivyopanga sasa ni vyao. Mzee mmoja alikuwa ameshapaka chumba chake rangi ya buluu. Karani alikunywa maji kwanza. Akawaambia uhuru ni jambo kubwa sana lakini haukuleta funguo za nyumba za watu. Wakamwita kibaraka wa wazungu, mmoja akamrushia ganda la ndizi. Mchana wakaja wenye parsele, nao na nguo zao za sikukuu, wamefurahi: kwa kuwa Wabelgiji wanaondoka, tribinali imekufa, tunaweza kumtoa tunayetaka? Akawaambia vilevile, uhuru ni jambo kubwa, lakini haukufuta karatasi zenye vidole. Ganda la pili. Jioni alikaa mlangoni kwake akitetemeka kama aliyenyeshewa. Mama akampelekea uji. Alisema tu, “Leo nimekosana na Kongo nzima.”

Sasa, mabati. Bwana Mabati alikuwa na namna yake ya kumtoa mpangaji. Mvua za kwanza zikikaribia, alipanda juu ya nyumba na msumeno na nyundo ya kung’olea misumari, akatoa bati moja tu. Moja, lile la juu ya kitanda. Hakumgusa mtu, hakutoa neno. Alishuka na bati lake kichwani kwenda zake. Usiku mmoja wa mvua ulitosha.

Mwaka ule alipopanda juu ya chumba cha Fundi Baiskeli, Karani alitoka na karatasi. Magoti yalikuwa yanacheza ngoma. Akasimama chini kabisa, akasoma kwa sauti nyembamba: “Bati saba.” Akatazama juu, akahesabu kwa kidole. “Sita.” Mama Ndagala akatoka na sauti yake ya mtumbwi: “Sita!” Wanawake waliokuwa wanapita na ndoo wakasimama, nao wakahesabu. “Sita! Sita! Sita!” Watoto wakajiunga, nami mbele yao. Njia nzima iliimba sita mpaka mtu mzima mwenye kitambi, aliyechuchumaa juu ya paa kama kuku kwenye jua, akaamua kupigilia bati mahali pake. Alipogonga msumari wa mwisho tukaimba saba. Karani hakuimba. Alikuwa amekwenda nyuma ya nyumba kutapika.

Hiyo ndiyo sababu nilidhani ninamsaidia. Nilijua siku ya Jumatano atatapika tena kwa ajili yetu. Nikasema ngoja nimwondolee taabu kwa muhogo.

Waasi walipoingia, tulijifunza upesi nani wanamtafuta. Walitafuta watu wa kalamu: makarani, wakubwa wa biroo, walimu, yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti cha serikali. Direktere wa shule yetu alichukuliwa asubuhi kwa maneno ya adabu kabisa, “Mwalimu, njoo kidogo.” Baiskeli yake ilibaki imeegemea ukuta wa shule siku tisa. Hakuna aliyethubutu kuigusa, hata wezi. Siku ya kumi ilikuwa haipo, yeye naye hakurudi.

Karani alificha miwani ndani ya gunia la maharage. Viganja vyake vilikuwa laini, akavisugua kwa mchanga na majivu mpaka vikachubuka, akaomba jembe la Mama akawa analima kiwanja nyuma ya choo ambacho hakioti kitu. Watu wakiita “Karani!” hakugeuka. Karatasi za vidole alizifunga kwa nailoni na kuzizika. Mbele yangu alizizika, akaniambia, “Weye haujaona,” nami nikasema sijaona. Kwa mara ya kwanza sikumfanyia mzaha, kwa sababu kulikuwa na karatasi moja ambayo haikuzikwa, na nilijua iko mfukoni mwa nani. Mama sikumwambia.

Sasa tuko upande wa pili wa mto Ruzizi na nimerudi shuleni. Karani alipanda milimani kwa ndugu zake, njia ya Rurambo, na hatujapata habari yake. Kila anayeshuka kutoka huko ninamwuliza kuhusu mzee anayeogopa radi. Wote wanasema huko juu kila mtu anaogopa radi.

Lakini kabla ya hayo yote, Bwana Mabati alirudi mchana mmoja, Karani na Mama wakichambua maharage uani. Alirudi na mpwa wake, kijana wa waasi mwenye majani kichwani, na wenzake wanne wenye mikuki na bunduki moja. Minye nilikuwa nimeshika ndoo.

“Karani iko nani hapa?” akauliza mpwa.

Karani akainua kidole, kama mwanafunzi. Nafikiri kidole kilinyanyuka chenyewe.

Bwana Mabati akatoa karatasi yangu. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, lakini kashe ilikuwa ingali zambarau, nzuri, Mungu wangu, nzuri sana. “Huyu ndiye,” akasema. “Hapa Kasenga nani mwingine anaandika? Iko na kashe ya serikali. Ni muntu wao.” Na hakuwa anadanganya. Aliamini kila neno. Ile hofu niliyoichekea nyuma ya ua alikuwa amekaa nayo karibu mwezi.

“Kashe iko wapi?” mpwa akauliza.

“Kashe gani, mwanangu? Minye ni mlimaji.”

Wakapindua chumba chake. Wakapindua gunia, maharage yakamwagika, miwani ikatoka. Mlimaji mwenye miwani. Mmoja wao akacheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko mkuki. Wakampa karatasi waone kama ataisoma. Alipitisha kidole juu ya ile nyota. Akanusa. Kisha akainua macho akanitazama, kiasi cha kupepesa mara moja, akayarudisha chini.

“Hii karatasi siijui,” akasema.

Wakamchukua. Nilikuwa na mdomo, na ulimi ndani yake, na sikusema neno. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi Mama alijifunga kitenge, akaenda kumgongea Mama Ndagala, halafu Fundi Baiskeli. Hakueleza mengi. “Tunakwenda kusema alikuwa uani kila siku. Sisi ndio majirani.” Fundi Baiskeli akavaa viatu. Mama aliniambia nibaki, nikawafuata mbali kidogo, na ndani ya shati nilikuwa na muhogo, kisu, na chupa ya wino. Njia nzima ilikuwa tupu, milango imefungwa, na niliona macho kwenye mianya.

Katika biroo ya zamani ya teritwari, ofisi ya wilaya, walikuwa wamechora mstari wa majivu sakafuni. Wanawake walisimama nyuma yake, maana dawa ya waasi ya kuzuia risasi iliharibika mwanamke akikaribia. Nyuma ya meza alikaa mkubwa wao, mtu wa makamo, amevaa koti la mvua ingawa jua lilichoma. Bwana Mabati alikuwa amesimama pembeni. Karani alikuwa ameketi chini, bila viatu, suruali yake imelowa.

Mama alisema alichokuja kusema. Mama Ndagala akasema vilevile, kwa mara ya kwanza kwa sauti ndogo. Fundi Baiskeli akasema, “Ni kweli,” maneno yake ya mwaka.

“Basi kashe hii ilipigwa na nani?” akauliza mkubwa. “Malaika?”

“Ni minye,” nikasema.

Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine, mdogo kuliko mimi. Mama aligeuka. Sikumtazama. Nikavuka majivu, nikaketi sakafuni, nikatoa muhogo. Nikajikata gumba. Nilichonga duara, nikachonga nyota, damu kidogo na wino kidogo, nikapiga kashe kwenye ukingo wa ileile karatasi. Zikawa mbili, kama mapacha.

Mkubwa akazilinganisha, ile na hii.

“Uko na miaka ngapi?”

“Kumi na tano.”

“Unajua leo jua likifika pale,” akaonyesha dirisha, “huyu mzee angekuwa wapi?”

Akachukua muhogo mkononi mwangu, akaugeuza, akauma ule upande usio na wino, akatafuna taratibu. “Haiko chungu,” akasema. Watu wake wakathubutu kucheka. Akaonyesha Karani kwa kidevu, akaniambia: “Beba mzee wako.” Kisha akamgeukia Bwana Mabati. “Parsele yako iko na vyumba ngapi?”

“Sita, Mukubwa,” akasema Bwana Mabati, kwa fahari.

“Vizuri. Vijana wangu watalala mule. Leo.”

Nilikuwa nimeshamwinua Karani, na Mama amenyoosha mkono juu ya majivu kumpokea, tuondoke, tukimbie. Lakini Karani hakuondoka. Alisimama palepale, magoti yanagongana, nami nikaomba Mungu amnyamazishe.

“Mukubwa,” akasema. “Mule iko lokatere. Lokatere hatolewi siku ileile.”

“Nani anasema?”

“Tribinali ilikuwa inasema.”

“Tribinali imekufa.”

“Ndiyo, Mukubwa. Lokatere wako hapa wamesimama.”

Mpwa alisogeza bunduki. Mkubwa akamzuia kwa kidole, kama anayetaka kuona mchezo unaishaje. “Unataka siku ngapi?”

“Desturi ni miezi.”

Hapo mkubwa mwenyewe akacheka, vipande vya muhogo vikamtoka. “Siku mbili.”

“Siku mbili,” Karani akakubali. “Naomba iandikwe.”

“Na nani? Hapa hatuna karani.”

Kwa wiki tatu Mzee Karani alikuwa amejichubua mikono kwa ajili ya neno hilo.

“Minye iko karani,” akasema.

Wakamrudishia miwani, kioo kimoja kimepasuka. Aliandika akiwa amepiga magoti kwenye kona ya meza, herufi zikiyumba kama mtu mlevi: watu wa parsele ya vyumba sita, siku mbili, bila kuguswa. Akasogeza karatasi kwa Fundi Baiskeli atie kidole, akaishusha mpaka kwenye majivu Mama Ndagala atie chake. Halafu, sijui alitoa wapi roho hiyo, akaigeuza kwa mkubwa. “Na weye pia, Mukubwa.” Mkubwa akatia gumba.

Tulitoka. Nje Karani akaketi kwenye ngazi. Nilimwambia, “Mzee Karani, nisamehe.” Alikuwa anakunja karatasi ndogo, ndogo, mpaka ikaingia kiganjani.

“Nilijua tangu uani,” akasema. “Harufu ya muhogo. Ningekutaja, wangekuua uani pale pale, mama yako anaangalia. Biroo iko na meza. Mbele ya meza muntu anaweza kusema.” Akaninyooshea kidole. “Na minye niliogopa sana, usiende kusimulia vingine.”

Tulimwinua, Fundi upande mmoja, mimi mwingine, alikuwa mwepesi kama kuni kavu. Mama alitembea mbele. Hakugeuka hata mara moja mpaka tukafika uani, kwenye maharage yaliyokuwa bado yametawanyika chini. Hapo akafungua kitenge, akajifunga tena kwa nguvu, akanitazama usoni, akasema:

“Tuko na siku mbili. Weye utabeba vyombo vya Karani kwanza, halafu vyetu, halafu vya Mama Ndagala. Ukimaliza, uje, nikupige.”